Nani Analipia Ukweli?

Februari 2023, BBC ilionyesha wanawake wa mashamba ya chai Kericho wakieleza jinsi wasimamizi walivyowadai ngono ndiyo wapewe kazi. Zaidi ya 70 walizungumza. Bunge likaanza kuuliza maswali. Lakini mbona ukweli ungoje kamera?

Sheria tunazo: ya Makosa ya Ngono, 2006, na ya kupambana na ulanguzi wa binadamu, 2010, iliyounda hata mfuko wa kusaidia manusura. Ila sheria bila bajeti ni sufuria bila unga.

Mkaguzi wa kazi anaona orodha ya mishahara. Muuguzi anaona ugonjwa. Polisi anataka ushahidi. Kila mmoja ameshika kipande. Kikosi cha kuviunganisha kinahitaji wapelelezi, mafuta ya gari, na pahali salama pa shahidi kulala, maana nyumba anayoishi mara nyingi ni ya kampuni.

Utaambiwa ati pesa hakuna. Sawa, lakini gharama haipotei. Serikali isipolipa, atalipa mchuma chai wa Kericho au Bomet: kwa kazi, kwa nyumba, kwa mwili wake. Tukisema bajeti haitoshi, basi tuseme pia ni nani tumemchagua alipe.