Tadbiri ya Mja na Njia ya Mzunguko

Katika maswali yamkabiliyo mwanadamu kila akusudiapo jambo, hapana lililo kongwe kuliko hili: je, mja asiyeimiliki hata pumzi yake ijayo ana haki gani ya kuipangia kesho yake? Swali hili halingoji msikiti wala kanisa ili lizuke. Humzukia hata mtu aketiye barazani Kilosa na ramani magotini, akiazimia safari ya miguu ya siku nyingi: kuupandisha Mto Mkondoa kwa kulifuata bonde lake lipitalo Reli ya Kati, avuke Munisagara mpaka Kidete, alale kando ya Ziwa Gombo, kisha ageukie kusini kwenye milima ya Rubeho na msitu wa Ukwiva, ateremkie Mikumi penye nyika za majani marefu, na mwisho arejee Kilosa kwa upande usio ule aliotokea.

Wapo wachaji wanaodhani kwamba kupanga mno ni utovu wa adabu mbele ya Mwenyezi Mungu, na kwamba yatosha kutia nia, kutamka inshallah na kuondoka. Siafikiani nao. Aya ya 23 na ya 24 za Suratul Kahf zamkataza mtu kusema kwa yakini kuwa atafanya jambo kesho pasipo kulirejesha kwenye matakwa ya Mola wake; na Waraka wa Yakobo, katika mlango wa nne, wawakemea wafanyabiashara wajigambao kuwa watakwenda mji fulani, wakae mwaka mzima na kuchuma faida. Kikemewacho katika vitabu vyote viwili ni ghururi ya kuidai kesho, wala si tadbiri ya kuitayarishia. Na mtu atamkaye inshallah ilhali hakuuliza habari za mito iliyo mbele yake hajamtegemea Mungu, bali amemtwika Mungu uvivu wake.

Katika Suratul Kahf hiyohiyo imo habari ya msafiri ambayo kila mwenye kupanga njia ndefu angeisoma kwa makini. Nabii Musa aliazimia kufika makutano ya bahari mbili hata kama ingemchukua dahari. Akamchukua kijana wa kufuatana naye, na samaki awe masurufu yao. Wakapapita mahali palipokusudiwa bila kujua, wakaendelea mpaka uchovu ukawazidi, na alipotaka chakula ndipo kijana alipokumbuka kwamba samaki alikwisha kuwatoka kule mwambani, akaingia baharini. Musa alitambua mara moja kuwa pale ndipo walipokuwa wakipatafuta, wakageuka, wakazifuata nyayo zao wenyewe kurudi nyuma. Wenye kuisimulia habari hii aghalabu huharakia yaliyofuata, yaani kukutana kwake na yule mja mwenye elimu ambaye mapokeo humwita Khidhri. Lakini mimi huuona kuwa mkubwa vilevile ule wepesi wa kugeuka, kwamba katika kifua kimoja ziliweza kukaa azma ya kutembea dahari na utayari wa kurudi saa hiyohiyo, bila ya moja kuiaibisha nyingine.

Nchi yenyewe ya Kilosa haina huruma kwa asiyegeuka. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akiwa na fedha za gazeti la New York Herald na msafara wa wapagazi wengi, aliukuta uwanda wa Mkata umegeuzwa kinamasi na mvua za masika, akapoteza punda na kuuguliwa na watu kabla ya kulifikia Ziwa Gombo, ambalo maandishi ya zama zile huliita Ugombo. Reli waliyoijenga Wajerumani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ililifuata bonde la Mkondoa kwa hesabu za wahandisi. Lakini mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliing'oa kati ya Kilosa na Gulwe na kuwaacha watu wengi wa Kilosa bila makazi. Ikiwa chuma na zege havikusalimika, nguo za mvua na viatu vipya vitamdhamini nani?

Hapa ndipo njia ya mzunguko ilipo na mtihani wake. Katika njia iliyonyooka, kila hatua ya kwenda ni deni la hatua moja ya kurudi, na msafiri aweza kulihesabu; bali katika duara iko nusu ambayo mtu akishaivuka, kuendelea huwa karibu kuliko kurejea, na moyo uliochoka huanza kumhadaa mwenyewe kwamba mbele ndiko kwenye salama, hata kama mbele hajakuona na nyuma amekwisha kukujua. Kwa hiyo shauri la kugeuka halifai kungojewa msituni. Likatwe nyumbani, mwili ukiwa umeshiba na kiburi kimelala: mto ukifika kiasi fulani hatuvuki, mwenzetu akipata homa kabla ya kuupanda Rubeho, sote twarudi Kidete.

Simdharau mwenye kuzunguka. Haji huizunguka Al-Kaaba mara saba akaishia penye Jiwe Jeusi alikoanzia, wala hapana amwambiaye kwamba hakufika. Lakini yule mpagazi wa zamani aliyeipita njia hii alisukumwa na ujira au na minyororo, ilhali mzungukaji wa leo hasukumwi na dharura yoyote. Na asiye na dharura hana udhuru wa kuwatia wengine hatarini. Watu wa vijiji watakaoamshwa usiku kumtafuta wana haki juu ya karatasi yake ya mipango, na vivyo hivyo mwenyeji atakayemwongoza msituni, ambaye mke na watoto wanamngoja. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, tangu ilipoanzishwa mwaka 1964, ni makazi ya tembo, nyati na simba, na atakaye kutembea humo kwa miguu hufuatana na askari wa hifadhi mwenye silaha. Sharti hilo wako walionalo kuwa usumbufu, nami naliona kuwa sehemu ya ibada ya safari, kwa kuwa lamkumbusha mtu kwamba amebisha hodi.

Basi wewe unayeitazama ramani hiyo ukiingoja masika ipite, kabla ya kununua chochote nenda Kidete ukawaulize wazee wa mtoni, omba ruhusa za misitu mapema, na andika kwa wino mahali utakapogeukia. Nakala ya karatasi hiyo umwachie mtu wa nyumbani mwako anayejua kusoma ramani.