Mwenye Kusomea Pumzi

Hewa haina rangi wala umbo, wala haina bei sokoni. Kwa hiyo ni vigumu kumridhisha mzazi kwamba mwanawe yuko chuo kikuu akisomea hewa. Walakini wako vijana wanaosomea shahada ya uzamifu, iliyo juu ya zote, kwa nia ya kujua jinsi chembe zitokazo kinywani mwa mgonjwa zinavyoelea na kuingia mapafuni mwa mwingine. Je, ni busara mtu kuitolea maisha yake kazi ambayo watu huikumbuka siku ya msiba tu?

Tutazame habari za Mmarekani William Firth Wells. Mwaka 1934 alieleza kwamba matone makubwa ya kikohozi huanguka upesi, bali yaliyo madogo hukauka kabla ya kufika chini, na kiini kisaliacho huelea kwa muda mrefu. Wataalamu wengi hawakumkubali. Zamani watu waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa chafu yenye kunuka, na wataalamu hao walikuwa wametaabika kuing'oa imani hiyo. Siwalaumu sana: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Wells na daktari Richard Riley walifanya jaribio katika hospitali moja mjini Baltimore. Hewa ya wodi ya kifua kikuu ilipelekwa kwa bomba hadi chumba cha juu walimowekwa simbilisi, wanyama wadogo mfano wa panya wasio na mkia. Hawakumgusa mgonjwa wala hawakula chakula chake. Walivuta hewa yake tu, wakaambukizwa. Kundi jingine lilivuta hewa ya wodi hiyo iliyokwisha kupigwa mwanga wa urujuanimno, likasalimika.

Wells alikufa mwaka 1963. Hata hivyo, Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona haienei kwa hewa. Julai mwaka huo wanasayansi 239 waliunga mkono barua ya kulisihi litazame upya, na baadaye shirika likabadili kauli yake. Wengi wao walikuwa wameisoma hewa miaka mingi kabla, pasipo mtu kuwauliza.

Mzazi aliyeuza ng'ombe apate karo ana haki ya kuuliza mshahara utatoka wapi. Anayelidharau swali hilo, nadhani, hajapata kulipa karo. Fedha za uchunguzi hujaa maradhi yakiingia na hupwa yakitoka, na mchunguzi hula kila siku. Kwa hiyo simwambii kijana ajitoe mhanga. Namwambia ajiulize kama swali lenyewe litampendeza hata miaka 30 ikipita pasipo msikilizaji. Nao watawala wajiulize ni nani atakayewajibu siku ya hatari, ikiwa leo hawamlipi mtu.

Mwezi wa Julai, huko Limuru, wanafunzi hufunga madirisha yote kwa sababu ya baridi. Mmoja anakohoa. Mwalimu angependa kujua afungue madirisha mangapi, na kwa muda gani.