Deni la Mwajiri kwa Mwili wa Mfanyakazi

Mwajiri anapolipia saa nane za mtu, analipia nini hasa? Mkataba wa ajira hutaja cheo, mshahara, likizo na muda wa kazi. Mwili hautajwi. Lakini hakuna aliyewahi kupeleka ustadi wake kazini akauacha mwili nyumbani. Mgongo huenda, macho huenda, miguu na moyo huenda, na jioni vyote hurudi vikiwa vimepungukiwa. Suala la mazoezi kwa wafanyakazi linaanzia hapo: kinachochukuliwa mwilini bila kuandikwa popote, nani wa kukirudisha?

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa usafiri wa London, wapatao 31,000. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kwenye usukani zamu nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, mamia ya vidato kwa siku. Basi lao moja, mji wao mmoja. Hata hivyo madereva walipatwa na maradhi ya moyo zaidi ya makonda. Morris alipowalinganisha watembeza barua wa posta na makarani wa ofisini, aliona mwelekeo uleule.

Wengi huchukua funzo kwamba mazoezi ni mazuri, kisha huishia hapo. Mimi namtazama dereva. Hakuwa mvivu. Alikaa kwa sababu kazi ilimtaka akae, na kadiri alivyoifanya vyema ndivyo alivyozidi kukaa. Uaminifu wake kazini ndio uliomnyima mwendo. Basi tukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba afya yake ni jukumu lake peke yake, tunamtwisha lawama ya jambo ambalo hakulipanga. Aliyeipanga kazi ana sehemu yake katika matokeo.

Waajiri wengi huhamasisha mazoezi kwa hoja ya faida: mfanyakazi mwenye afya hazalishi kidogo, hakosi kazini, hapandishi gharama za bima. Hoja hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba hesabu haikubali kila mara. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, karibu wafanyakazi 5,000 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakaalikwa kwenye programu ya afya, wengine wasialikwe. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, watafiti hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi hayo katika gharama za matibabu. Waliojitokeza kushiriki walikuwa, tangu awali, watu wenye gharama ndogo. Anayetafuta faida peke yake, akiona hesabu kama hiyo, ataifuta programu kesho.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Anayemtakia mwenzake afya ili azalishe, anamtazama kama chombo. Siku mtu huyo atakapostaafu, au atakapougua asiweze tena kuzalisha, sababu ya kumjali itakuwa imekwisha. Utu haupimwi hivyo. Mtu anastahili mwili wenye nguvu ili acheze na wajukuu, apande ngazi za nyumba yake mwenyewe, asimame katika sala bila maumivu.

Ndiyo maana nasema mazoezi kazini ni deni. Tukikubali hilo, mambo matatu yanafuata.

Kwanza, deni hulipwa kutoka mfuko wa mdaiwa. Tunalijua bonanza la kampuni: Jumamosi alfajiri, fulana mpya, muziki, kupasha mwili moto, kuvuta kamba, picha ya pamoja. Lina furaha yake na lina undugu wake, wala sitaki life. Lakini Jumamosi ni ya mfanyakazi. Jumatatu karani anarudi kwenye kiti kilekile, chai na chapati anaagizia mezani kwa kuwa foleni ya wateja haimruhusu kuinuka. Japani, mazoezi ya viungo ya redio yalianza kutangazwa mwaka 1928, na kampuni nyingi huyafanya mwanzoni mwa siku ya kazi. Ni dakika chache tu, lakini zimo kazini.

Pili, deni hulingana na kilichochukuliwa. Mbeba magunia wa Kariakoo hakupungukiwa mwendo, amepungukiwa pumziko. Msafishaji anayeinama kutwa anahitaji ufagio wa mpini mrefu kabla ya darasa la viungo. Muuzaji wa dukani anayesimama hadi miguu ivimbe anahitaji kiti. Programu inayowakimbiza wote uwanja mmoja imelipa wachache na kuwaongezea wengine uchovu.

Tatu, mdai ana hiari ya kusamehe, ila mdaiwa hawezi kujisamehe mwenyewe. Mfanyakazi akisema leo sikimbii, jibu lake litoshe. Kuwapima watu uzito mbele ya wenzao, kuwatania wenye vitambi, kumwandika mjamzito au mwenye ulemavu asiyefika uwanjani kuwa mtoro, ni kuugeuza ulipaji kuwa mzigo mpya. Mwili uliazimwa kwa saa za kazi; haukuuzwa. Lakini hiari hiyo haimpi mwajiri ruhusa ya kusema watu hawataki mazoezi, kisha asitenge muda, asijenge bafu, asipunguze foleni.

Kwa hiyo meneja anayetaka wafanyakazi wenye siha aanze kabla ya kuagiza fulana. Akae siku nzima kwenye kiti cha karani wake, abebe gunia moja na mbebaji wake, kisha aulize: kazi hii niliyoipanga inamchukulia nini anayeifanya? Jibu atakalolipata ndilo liwe programu yake ya mazoezi, na saa za kulitekeleza azihesabu kuwa saa za kazi, zenye mshahara wake.