Mafuta Yaliyogeuka Kuwa Kama Maziwa

Somo: Zaburi 139:23-24

Ndugu wapenzi, huko Kunduchi wako wavuvi wenye injini za boti zilizokwisha kuzeeka. Injini yaweza kunguruma vizuri, lakini fundi mwenye busara hadanganywi na mngurumo. Huifungua skrubu ya chini, akayatazama mafuta ya gia. Yakiwa meupe kama maziwa, ajua ya kuwa maji yamepenya. Hangoji injini ife baharini. Hubadili sili iliyochakaa, akatia mafuta mapya.

Nasi twaimba kwa sauti kuu, na huku dhambi imepenya kimya. Katekisimo Ndogo ya Luther (1529) yatufundisha kutubu kila siku. Lakini injini haijifungui yenyewe. Basi tumwombe Kristo atufungue, atutazame, atutengeneze, kabla ya dhoruba. Amina.