Kitufe Kilichonunua Mara Mbili

Kijana mmoja alitengeneza mchezo wa simu kwa injini ya Unity. Mchezaji anaendesha genge la mboga na matunda, anakusanya sarafu, kisha kwa sarafu hizo ananunua mzani mpya, mkokoteni, na mwishowe pikipiki ya kubebea mzigo. Dukani kulikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha kijani, Nunua. Hicho ndicho kilichomponza.

Unity ina kitufe kilicho tayari tangu toleo la 4.6 la mwaka 2014. Unakiweka kwenye skrini, unakieleza kazi ya kufanya kikibonyezwa, basi. Kijana hakukitaka, aliamini fundi wa kweli hujitengenezea kila kitu. Akaandika msimbo wake wa kupima kama skrini imeguswa na kama mguso umeangukia ndani ya mipaka ya kitufe, kisha ukate sarafu. Msimbo huo akauweka ndani ya FixedUpdate, sehemu ambayo injini huitumia kuhesabu mwendo na migongano ya vitu.

Kwenye kompyuta yake, kitufe kilikuwa kikigoma mara kwa mara. Akadhani kipanya kimechakaa, akanunua kingine. Alipowatumia rafiki zake mchezo kwenye simu, malalamiko yakageuka: "Kaka, nimenunua mzani mmoja, mbona zimekatwa sarafu za mizani miwili?"

Chanzo kilikuwa kimoja. Injini ya namna hii huenda kwa saa mbili. Saa ya picha hufuata nguvu za kifaa, na kwenye simu Unity huchora fremu 30 kwa sekunde usipoibadilisha. Saa ya FixedUpdate haifuati picha. Kwa kawaida hupiga kila baada ya sekunde 0.02, yaani mara 50 kwa sekunde. Habari kwamba skrini imeguswa sasa hivi huishi ndani ya fremu moja tu. Kwenye simu, mapigo 50 yakigawanywa kwa fremu 30, fremu mbili katika kila tatu hupata mapigo mawili, na mguso mmoja ukahesabiwa mara mbili. Kwenye kompyuta inayochora fremu 100, nusu ya fremu hazipati pigo lolote, na mguso ulioangukia humo hupotea. Kadiri mashine inavyokuwa na kasi, ndivyo kitufe kinavyozidi kuwa kiziwi.

Kijana hakukitafuta chanzo hicho. Aliweka kiraka: baada ya kununua, kitufe kisikubali kitu kwa nusu sekunde. Sarafu zikaacha kukatwa maradufu, naye akaona amepona. Kiraka cha aina hii nakiogopa kuliko kosa lenyewe, kwa sababu huondoa maumivu na kuacha ugonjwa. Ugonjwa ukatokea kwingine. Kulikuwa na dirisha la maelezo lililofunguka juu ya duka, na kitufe chake cha Funga kilikaa pale pale palipo na Nunua. Msimbo wa kijana ulijua mipaka tu; haukujua nini kimefunika nini. Kila aliyefunga maelezo alinunua mzani. Tena, aliyegusa Nunua kwa bahati mbaya akateleza kidole pembeni ili aghairi, alikuwa ameshachelewa, maana sarafu zilikatwa kidole kilipogusa tu.

Ndipo akamwendea fundi aliyemtangulia katika kazi hiyo. "Mdogo wangu," fundi akamwambia, "wewe unachungulia mlangoni kwa saa zako mwenyewe, halafu unashangaa wageni wanapita. Subiri hodi." Akamwonyesha kwamba kitufe cha Unity hupiga hodi hiyo kwa tukio liitwalo onClick. Tukio hilo hutokea kidole kinapoachia, na sharti kiwe kimegusa na kuachia juu ya kitufe kile kile. Ukiteleza nje, umeghairi. Kabla ya hapo, injini huwa imeshatazama ni kitu gani kiko juu kabisa mahali palipoguswa.

Kijana akafuta msimbo wake wote, akakubali onClick. Lakini akaisajili kazi ya kununua kila duka lilipofunguliwa, bila kuiondoa lilipofungwa. Unity haikatai kazi ile ile kusajiliwa tena, kwa hiyo duka likifunguliwa mara ya tatu, mguso mmoja ulinunua mizani mitatu. Fundi akamrudisha tena: sajili mara moja mchezo unapoanza, au ondoa kila unapofunga.

Mchezaji haijui FixedUpdate wala hana haja ya kuijua. Anachoona ni kwamba amedhulumiwa, na mikono hiyo hiyo inayoandika michezo leo ndiyo itakayoandika kesho kitufe cha kutuma pesa. Kwa hiyo, wewe unayetengeneza kitufe, kabla hujakipeleka kwa watu kijaribu kwenye simu ya bei ndogo na kwenye kompyuta yenye nguvu. Gusa, kisha teleza nje. Weka dirisha lingine juu yake ubonyeze hapo. Fungua na kufunga duka mara kadhaa, nunua kitu kimoja, uhesabu sarafu zilizobaki.