Nani Mwenye Haki ya Kusamehe? Sierra Leone Baada ya Vita

Mkataba wa Lomé, uliotiwa saini tarehe 7 Julai 1999 kati ya serikali ya Sierra Leone na waasi wa RUF, uliwapa wapiganaji msamaha kamili. Kiongozi wa waasi, Foday Sankoh, alipata uenyekiti wa tume ya madini na hadhi ya makamu wa rais, ilhali waliokatwa mikono na watu wake walikuwa bado katika kambi za waathiriwa.

Katika sheria ya Kiislamu, dini ya wengi nchini humo, msamaha wa kisasi ni haki ya warithi wa aliyeuawa. Mtawala hawavui haki hiyo. Serikali yaweza kuacha kushtaki, pengine kwa kulazimika, lakini huko si kusamehe. Na amani yenyewe haikupatikana: Mei 2000 waasi waliwateka mamia ya walinda amani.

Mahakama Maalumu ya Sierra Leone, iliyoundwa baadaye kushtaki uhalifu wa vita hivyo, ilimkamata, Machi 2003, hata waziri wa mambo ya ndani, Sam Hinga Norman, aliyeongoza wanamgambo waliopigania serikali. Wengi walimwona shujaa. Alifariki mwaka 2007 kabla ya hukumu. Hata hivyo kumshtaki kulikuwa haki, kwani waliouawa na wanamgambo hao nao walikuwa na warithi.