Palestina Ilivyofika Nachingwea

Huruma ya Watanzania kwa Wapalestina haikulelewa misikitini peke yake. Sehemu yake kubwa ililelewa na Chama, yaani chama tawala tangu enzi za TANU, na Chama hakikuanza upande huo. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 1963, lilisaidiwa na wakufunzi kutoka Israeli, na vijiji vya ushirika vya nchi hiyo vilisifiwa kuwa mfano wa kuigwa.

Upepo ulibadilika baada ya vita vya Israeli na Waarabu vya Juni 1967. Oktoba mwaka huo, Mwalimu Nyerere aliwaambia wajumbe wa TANU jijini Mwanza kwamba kuundwa kwa Israeli kulikuwa uchokozi dhidi ya Waarabu, ingawa dola hiyo ilikwishakuwapo na Tanzania iliitambua. Oktoba 1973 uhusiano wa kibalozi ukavunjwa. Shirika la ukombozi wa Palestina, PLO, likapata ofisi Dar es Salaam, mji uliokwishazoea wapigania uhuru wa kila namna.

Kusini mwa nchi, hoja ya ukombozi haikuhitaji mhadhara. Kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, ilikuwa Nachingwea. Watu wa huko waliishi jirani na wapiganaji hao hadi Mei 1975, kiongozi wao Samora Machel alipovuka mto Ruvuma kurudi kwao. Mkulima wa korosho aliyesikia redioni kuhusu watu walionyang'anywa ardhi hakulazimika kujua mji wa Yafa wa Wapalestina uko wapi. Mmakonde wa ng'ambo ya mto alitosha kumwelewesha. Huruma hiyo ilikuwa ya kweli, lakini ilikuja ikiwa na kadi ya Chama mfukoni.

Ndiyo maana ililegea Chama kilipolegea. Vyama vingi viliruhusiwa 1992, uhusiano na Israeli ukarudi 1995, na ubalozi wa Tanzania ukafunguliwa Tel Aviv mwaka 2018. Pengo lililoachwa na somo la ukombozi likajazwa na dini: Waislamu wengi wakaiona Gaza kama jeraha la ndugu zao, na baadhi ya Wakristo wakaisoma Israeli ya leo kwa macho ya Biblia. Wanafunzi wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo Israeli walipouawa katika shambulio la Hamas la Oktoba 2023, msiba ukaingia katika mjadala uliokwishagawanyika.

Serikali inaendelea kuunga mkono dola mbili. Palestina yenyewe Tanzania iliitambua tangu Novemba 1988, chini ya chama kilekile kilichokuja kurudisha uhusiano na Israeli.